Matema na vijiji vya Ziwa Nyasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuogelea, mitumbwi na matembezi

Kila mwaka watu wengi zaidi huacha barabara kuu ya Mbeya na kuteremka hadi ziwani, na maswali wanayouliza yanafanana. Hapa yamepangwa kuanzia yale ya kila mtu hadi yale ya wachache. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya kufunga safari

Matema iko wapi, na ina nini ambacho fukwe nyingine hazina?

Matema iko wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa. Hapo mchanga wa ufukwe unakutana na Milima ya Livingstone, ambayo inasimama ghafla kutoka usawa wa ziwa, kama mita 474 juu ya bahari, hadi kupita mita 2,000. Mbele yako kuna maji yanayokwenda kusini kwa zaidi ya kilomita 500, na nyuma ya mgongo wako kuna ukuta wa mlima. Maji ni baridi, hayana chumvi, na penye mawe ni maangavu kiasi cha kuwaona samaki ukiwa umesimama.

Ni kijiji kinachofanya kazi. Alfajiri wavuvi wanaingia na usipa, samaki wadogo wa ziwa hili, kina mama wanaanika, watoto wanapita kwenda shule, na nyumba za wageni ziko katikati ya maisha hayo. Anayetaka disko na vurugu za mjini hatazipata. Anayetaka kulala mapema na kuamka na ziwa amefika.

Nichague Matema, Mbamba Bay au Liuli?

Ukitokea Mbeya, Iringa au Dar es Salaam kwa barabara ya TANZAM, chagua Matema. Ukitokea Songea, chagua Mbamba Bay, makao ya wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, ambako lami kutoka Mbinga imeshafika. Kipande hicho cha kilomita 66 kinashuka kutoka nchi ya Wamatengo, ya kahawa na mashamba ya ngoro (ya mashimo ya kuzuia mmomonyoko milimani), hadi ziwani. Ukiweza, kipite mchana, maana mandhari yake ni sehemu ya safari.

Mbamba Bay ina ghuba iliyokingwa na vilima na visiwa vidogo, kwa hiyo kwa anayeanza kupiga kasia inafaa kuliko Matema, iliyo wazi kwa upepo wa kusini. Liuli iko kaskazini ya Mbamba Bay, ni tulivu zaidi, na ina historia yake (tazama swali la Liuli hapa chini).

Nafikaje Matema kwa basi?

Kutoka Mbeya unapita Uyole, unashuka Tukuyu katikati ya migomba na chai, kisha unaelekea bonde la Kyela. Yako mabasi ya moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na Kyela, na wengine hupanda treni ya TAZARA hadi Mbeya au ndege hadi uwanja wa Songwe. Kutoka Kyela mjini unachukua gari dogo la kwenda Ipinda na Matema. Mwenye gari lake binafsi hahitaji kuingia Kyela mjini: anakata Kikusya na kupitia Ipinda.

Panga ufike kabla ya giza, kwa sababu magari ya mwisho huondoka mapema kuliko mgeni anavyodhani. Usiku ukikukuta Kyela, lala hapo, uamkie Matema.

Msimu gani ni mzuri?

Kyela ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na kilele chake ni Machi hadi Mei. Wakati huo mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hujaa, mashamba ya mpunga hugeuka maji matupu, na ziwa karibu na milango ya mito huwa la tope. Juni hadi Oktoba ni kukavu, anga iko wazi na njia za milimani zinapitika. Tatizo la miezi hiyo, hasa Juni na Julai, ni upepo wa mwera, ambao una swali lake peke yake hapa chini.

Mimi ningekwenda Septemba au Oktoba. Mwera umekwisha makali, mvua bado, na mchele mpya wa Kyela uko sokoni. Lakini anayependa maua ya Kitulo, hifadhi iliyo juu ya milima hii, itabidi aje kati ya Desemba na Aprili na akubali kulowana.

Nibebe fedha taslimu?

Ndiyo. Toa hela Tukuyu au Kyela, ukiwa na noti ndogondogo za mitumbwi na soko. Malipo kwa simu yanapokelewa na wengi, ila mtandao ukikatika siku nzima usikukute mkono mtupu.

## Majini

Ni salama kuogelea?

Mahali panapofaa, ndiyo, na wenyeji huoga humo kila siku. Hatari ni tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni mamba. Hao hupenda milango ya mito, matete na maji ya tope. Upande wa magharibi wa Matema, ambako Lufilyo inaingia ziwani, wapo mamba na viboko pia, na wakati wa mafuriko mamba husogea kutoka sehemu zao za kawaida. Kwa hiyo usiogelee karibu na mto, usiogelee usiku, na usiingie mahali ambapo huoni mwenyeji hata mmoja majini. Asubuhi ya kwanza muulize mtu wa ufukweni, "Hapa watu wanaoga?" Akisitasita kujibu, umeshajibiwa.

Ya pili ni kina. Ziwa hili limejaa ndani ya bonde la ufa na sehemu yake ya chini kabisa inafikia kama mita 700. Chini ya miamba ya upande wa milimani, hatua chache kutoka ukingoni zinatosha kukosa pa kukanyaga. Asiyejua kuogelea abaki kwenye mchanga unaoteremka taratibu, maji yasipite kiuno.

Ya tatu ni mawimbi. Watu wengi hawayategemei ziwani, lakini Matema mawimbi yanaweza kukuangusha na kukuvuta.

Kichocho kipo?

Kipo katika Ziwa Nyasa, na asikudanganye mtu. Vimelea hutoka kwa konokono wadogo, hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na huhitaji maji yenye watu na konokono pamoja. Hatari ni kubwa zaidi penye maji yaliyotuama, majani na matete, na hupungua kwenye ufukwe wazi unaopigwa na mawimbi. Kupungua si kwisha.

Ukishaogelea, jikaushe kwa taulo mara moja, lakini usiitegemee taulo kuwa kinga. La maana ni kupima. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, ndiyo maana kuimeza siku unayotoka ziwani hakusaidii. Nenda kituo cha afya kati ya wiki 6 na 8 au zaidi baada ya safari, na useme wazi kwamba uliogelea Ziwa Nyasa. Ukiona damu kwenye mkojo, au ukipata homa na muwasho usioeleweka wiki chache baada ya kurudi, usingoje. Mtu wa Dar au Nairobi asipotaja ziwa, daktari anaweza kutafuta ugonjwa mwingine kwa muda mrefu.

Na malaria?

Bonde la Kyela lina mbu wengi. Lala ndani ya chandarua hata chumba kikiwa na nyavu dirishani, vaa mikono mirefu jioni, na kama unatoka nchi isiyo na malaria, ongea na daktari kuhusu dawa za kinga kabla hujaondoka.

Kwa nini wavuvi wanakataa kunipeleka mchana wakati naona ziwa limetulia?

Kwa sababu wanasoma kitu ambacho wewe hukioni. Ziwa Nyasa ni refu na jembamba, limelala kaskazini kwa kusini, na kuta za milima zimelibana pande zote mbili. Upepo wa mwera unatoka kusini na unalipita ziwa lote kwa urefu wake. Mawimbi yanazaliwa mbali, yanakua kwa mamia ya kilomita bila kizuizi, na yanaishia upande wa kaskazini, yaani Matema. Ndiyo maana mawimbi makubwa yanaweza kufika ufukweni hapa wakati hewa yenyewe imetulia. Kati ya Mei na Agosti mwera unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na siku hizo hata wavuvi wazoefu huvuta mitumbwi nchi kavu.

Katika siku za kawaida asubuhi ndiyo ya maji. Toka saa kumi na mbili au saa moja, uwe umerudi ifikapo saa nne au saa tano. Mchana fanya ya nchi kavu. David Livingstone, aliyefika ziwani mwaka 1859, aliliita ziwa la dhoruba, na jina hilo alilipata kwa kulisafiria.

Msimu wa mvua tatizo ni jingine: radi. Wingu jeusi likikaa juu ya mlima, mtu hatoki, na aliyetoka anarudi. Usimbembeleze mwenye mtumbwi kwa kumwongezea hela. Anayekubali kwa sababu ya noti yako ndiye usiyestahili kupanda naye.

Nipande mtumbwi wa mti au boti ya injini?

Mtumbwi wa mti mmoja ni mwembamba na unayumba, na wenyeji wanauendesha kwa ustadi unaopatikana kwa miaka. Kwa safari fupi kando ya ufukwe, asubuhi, ukiwa na mwenyewe nyuma yako, ni raha isiyo na mfano. Kaa chini kabisa, usisimame kupiga picha, na usikae ukingoni. Kwa safari ya kuvuka ghuba au kwenda kijiji cha mbali, chukua boti pana yenye injini.

Kwa vyote viwili, vaa jaketi okozi. Lisipokuwepo, tafuta chombo kingine. Nasema hivi nikijua kwamba utaona watu wengi wakisafiri bila hilo jaketi, na kwamba utaonekana mwoga. Jaketi livaliwe na kufungwa. Likiwa limekunjwa chini ya kiti halimwokoi mtu. Mwenye kupanga kukaa siku nyingi na alete la kwake kutoka mjini.

Naweza kuwaona wale samaki wa rangi wanaofugwa kwenye matangi ya vioo?

Unaweza, na bila gharama kubwa. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, mamia kwa mamia, na wengi hawapatikani kwingine. Wale wa buluu na manjano hukaa penye miamba, wakila mwani juu ya mawe, na mara nyingi aina moja huishi kwenye miamba ya sehemu moja tu. Majike ya aina nyingi hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Ukija na miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia, nenda asubuhi penye mawe mashariki ya ufukwe wa Matema, uelee tu juu yao. Usigeuze mawe na usibebe samaki hai.

Nikitaka kuvua mwenyewe?

Uvuvi unahitaji leseni, hata ukivua kwa kujifurahisha. Muulize ofisa uvuvi wa halmashauri au viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, ya ufukwe husika. Watakuelekeza pia maeneo yaliyofungwa na nyavu zisizoruhusiwa. Njia nzuri zaidi kwa mgeni ni kulipa na kutoka na wavuvi wenyewe.

Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Samaki wadogo hukusanyika chini ya mwanga, kisha wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa kazi hiyo husimama, kwa hiyo angalia mwezi kabla ya kupanga. Ukiwa ufukweni usiku usio na mwezi, utaona taa zimejipanga ziwani hadi mbali.

Mbasa, samaki mtamu kuliko wote wa ziwa hili kwa maoni yangu, hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga. Nyavu zinazotegwa kuziba mito wakati huo ndizo zinazommaliza. Ukiuziwa mbasa wenye mayai waliotegwa mtoni, usinunue.

Moshi ule unaosimama juu ya ziwa ni nini?

Si moshi. Ni inzi wadogo sana wa ziwani, wanaotoka majini kwa mabilioni na kupanda juu kama nguzo nyeusi. Hawaumi. Upepo ukiwaleta nchi kavu, funika chakula na mdomo. Watu wa kando ya ziwa huwakamata, huwaponda na kutengeneza vitumbua vyeusi vyenye lishe nzuri. Ukikaribishwa, onja.

## Nchi kavu

Vyungu vya Wakisi vinatengenezwa wapi, na naweza kwenda kuona?

Vinatengenezwa Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho ng'ambo ya ghuba ndogo kutoka Matema, chini kabisa ya mlima. Wafinyanzi ni wanawake. Wanafinyanga kwa mkono, wanasugua hadi chungu kiwe chepesi na laini, wanakipamba kwa udongo mwekundu, kisha wanachoma mahali pa wazi. Vyungu hivyo hupakiwa kwenye mitumbwi na kupelekwa soko la Lyulilo, kama kilomita mbili kutoka katikati ya Matema, ambako Jumamosi ndiyo siku kuu. Kutoka hapo husafiri hadi Mbeya na mbali zaidi.

Ikombe inafikika kwa mtumbwi asubuhi (kwa nini asubuhi, umeshasoma kwenye swali la wavuvi). Ukifika, amkia wakubwa kwanza, eleza umekuja kuangalia, na ununue kutoka kwa aliyekuonyesha kazi. Bei ya Ikombe ni ndogo ukilinganisha na kazi ya siku kadhaa. Kumkandamiza mama wa watu kwa shilingi mia mbili ni aibu. Beba matambara au majani ya migomba ya kufungia, maana vyungu hivi ni vyembamba.

Nataka kupanda Milima ya Livingstone. Inahitaji siku ngapi?

Inategemea unataka nini. Matembezi ya saa chache hadi kwenye maporomoko yaliyo juu ya kijiji yanawezekana kwa mtu yeyote mwenye miguu mizima na kijana wa kumwongoza. Kwa anayetaka zaidi, iko njia ya wachukuzi na wafanyabiashara kati ya nyanda za Makete na ziwa. Wengi huiteremka kutoka juu kuja Matema, na hata hivyo ni siku nzima ngumu, au mbili ukilala njiani. Magoti yataumia kuliko mapafu.

Juu huko ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Uwanda wake uko kwenye mita 2,600 hivi, na usiku ni baridi kali, hivyo begi lako litabeba koti zito na nguo za kuogelea kwa safari moja. Katika misitu ya milima hii na ya Rungwe anaishi kipunji, nyani aliyetambuliwa na wanasayansi miaka ya 2000 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua. Kuingia hifadhini kuna kiingilio cha TANAPA.

Usipande peke yako bila mwenyeji. Vijia vya ng'ombe vinafanana na njia, na ukungu hushuka ghafla.

Mwera umevuma siku tatu. Nifanye nini?

Panda Tukuyu. Kuna Ziwa Ngosi ndani ya kreta, Ziwa Masoko, Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, na maporomoko ya Kaporogwe. Au kaa Ipinda na Kyela uone kakao ikianikwa. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka hapa.

Liuli kuna nini?

Wakati wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba mkubwa unaofanana na sanamu ya Misri. Wenyeji wanauita Pomonda. Agosti 1914, vita vikiwa vimeanza tu Ulaya, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilikuja hapa na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa wakifahamiana vizuri kabla ya vita, na Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimetangazwa. Leo ni ufukwe wa wavuvi, na mwamba bado upo.

## Adabu za mahali

Nivae nini?

Majini vaa unavyoogelea. Ukitoka majini jifunge kanga au kitenge, mwanamume avae shati, hasa ukipita kijijini au sokoni. Ziko sehemu ambazo wanawake na wanaume huoga mbalimbali. Ukiona kundi la wanawake wanaoga, pita mbali na usigeuze kamera.

Naweza kuweka hema popote ufukweni?

Hapana. Ardhi inayoonekana haina mtu ina mwenyewe, au ni mahali pa kuanikia usipa. Omba kwenye nyumba ya wageni inayoruhusu mahema, au kwa mwenyekiti wa kijiji. Hema lisikae karibu na mto. Sababu iko kwenye swali la kuogelea. Taka zako rudi nazo.

## Mambo ya wachache

Naja na watoto wadogo.

Njoo, lakini chagua ghuba iliyokingwa na mwezi usio na mwera. Mtoto majini awe umbali wa mkono wako, si wa macho yako. Maji ya kunywa yachemshwe au yawe ya chupa, hata kama watoto wa kijiji wanakunywa ya ziwani.

Naweza kusafiri kwa meli kutoka Kyela hadi Mbamba Bay?

Meli ya MV Mbeya II ilijengwa kwa ajili ya safari hizo, ikiwa na uwezo wa abiria 200 na mizigo tani 200. Njia yake hupita vijiji kama Lupingu, Manda na Liuli, ambako barabara ni ngumu au hakuna kabisa. Ratiba hubadilika kwa matengenezo na hali ya hewa, kwa hiyo uliza bandarini Kyela siku chache kabla, na usikate tiketi ya ndege inayotegemea meli kufika kwa wakati.

Dhoruba ikinikuta katikati ya maji?

Keti chini katikati ya chombo, funga jaketi, mwache nahodha aelekee ufukwe ulio karibu hata kama siyo mlikotoka. Chombo kikipinduka, kishikilie. Mtumbwi wa mti huendelea kuelea ukiwa umejaa maji, na watakaowatafuta wataona mtumbwi kabla ya kuona kichwa cha mtu. Kabla ya kutoka, mwachie mtu wa nchi kavu jina la nahodha na saa ya kurudi. Namba za dharura ni 112 kwa polisi na 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Nina droni.

Tanzania droni haziruki bila kibali, na hilo hushughulikiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Huku ni mpakani pia. Bila karatasi mkononi, iache nyumbani.

Naweza kumwomba mvuvi anivushe hadi Malawi?

Usifanye hivyo. Mpaka wa ziwani una mzozo wa muda mrefu kati ya nchi hizi mbili, na kuvuka bila muhuri kutakuweka wewe na mvuvi matatani. Pita Kasumulu kwa barabara, kwenye daraja la mto Songwe. Kutoka Kyela mjini si mbali, na ukitoka asubuhi unakula chakula cha mchana Karonga.